Harufu ya Mwili: Ile ya Kawaida na Ile ya Ugonjwa

Mazungumzo kwa wamama wa kliniki



Leo tutazungumza juu ya neno ambalo watu hawapendi kulitaja mbele ya wengine: harufu ya mwili. Juu ya homa, tunauliza. Juu ya kuhara kwa watoto, tunauliza. Lakini harufu, mama anaiuliza kwa sauti ndogo, wakati wenzake wamekwisha kutoka. Na wengine hawaulizi kabisa. Wanakwenda sokoni kununua unga wa kujisafishia ndani, ao wanakaa nyumbani na hawaji tena kliniki, kwa kuwa wanaogopa watu watawacheka.

Kuna makosa mawili, na yote mawili yanaumiza. Mama wa kwanza ana harufu ya kawaida ya mtu mzima, lakini anawaza kwamba ni mgonjwa. Anajisugua na kujitia dawa mpaka anajiletea ugonjwa ambao hakuwa nao. Mama wa pili ana harufu ya ugonjwa, lakini anawaza kwamba ni uchafu tu. Anaoga asubuhi, anaoga mangaribi, na ugonjwa unazidi kuenda ndani. Huyu wa pili anaweza kufa, na sabuni iko mkononi mwake.

Kwa hiyo tujifunze kutofautisha. Harufu gani ni ya kuoga? Harufu gani ni ya kuacha hivi ilivyo? Na harufu gani ni ya kukimbilia hospitali?

1. JASHO LENYEWE HALINUKI

Wengi watashangaa kusikia hivi, lakini ni kweli. Jasho, wakati linapotoka katika ngozi, halina harufu kubwa. Ni maji na chumvi kidogo. Mungu ametupa jasho ili mwili upoe. Mama anayepanda mulima na muzigo wa makala mgongoni, mwili wake unapata moto. Jasho linatoka, linakauka juu ya ngozi, na kwa kukauka linapunguza moto ule. Kama hatungetoa jasho, tungekufa kwa joto.

Sasa harufu inatoka wapi? Inatoka kwa vijidudu. Juu ya ngozi ya kila mtu, hata yule aliyeoga sasa hivi, kuna vijidudu vidogo sana ambavyo macho hayawezi kuviona. Vingi havina ubaya. Lakini katika makwapa na sehemu za siri kunatoka jasho la namna ya pili, lililo nzito na lenye mafuta. Vijidudu vinakula jasho lile, na kwa kulila vinaacha harufu. Ni sawa na maziwa: yakiwa mapya hayana harufu mbaya, lakini yakikaa katika chungu siku mbili, yanageuka.

Ndiyo maana harufu ni kali zaidi katika makwapa, chini ya matiti, katika mikunjo ya mapaja na katikati ya vidole vya miguu. Ni pahali palipofungwa, penye joto na majimaji. Mkono wako unatoa jasho pia, lakini haunuki kama kwapa, kwani upepo unaukausha.

Mambo mengine yanageuza harufu: vitunguu na kitunguu saumu, pombe, moshi wa jiko, woga, homa, mimba. Mama mwenye mimba anatoa jasho jingi, tena pua yake mwenyewe inakuwa kali kuliko zamani. Anasikia harufu ambazo wenzake hawazisikii. Nyuma ya kuzaa pia, kwa siku nyingi za kwanza, mama anaamka usiku nguo zikiwa maji matupu. Mwili wake unatoa maji uliyokuwa umeyaweka wakati wa mimba. Kama hana homa, hiyo si ugonjwa. Anywe maji, abadili nguo, alale.

2. KUOGA NA MAJI KIDOGO

Mtasema: “Mama muganga, unatuambia tuoge, lakini mayi iko mbali.” Tunajua. Kuna mitaa ambamo bido moja ya litri 20 inanunuliwa kwa pesa, na kuna vijiji ambavyo mtoni ni kushuka na kupanda mulima mzima. Lakini kuoga vizuri hakuhitaji maji mengi. Kunahitaji utaratibu.

Twaa beseni ndogo na kopo. Tia maji katika beseni, na uweke maji mengine safi pembeni kwa kujisuuza. Lowanisha mwili, kisha anza na uso na shingo. Fuata makwapa: hapo usipite mbio, sugua na sabuni mpaka povu litoke. Kisha chini ya matiti, tumbo, mgongo. Nyuma yake mapaja na sehemu za siri kwa inje. Matako mwisho, ili uchafu wa huko usipande mbele. Kisha miguu, na katikati ya kila kidole. Suuza kwa maji ya kopo. Jikaushe vizuri pahali penye mikunjo, kwani pahali palipobaki na majimaji patanuka tena mbele ya saa sita.

Kama siku ile maji hayatoshi kwa mwili wote, osha pahali panne tu: uso, makwapa, sehemu za siri na miguu. Kopo tatu ao ine zinatosha.

Kwa sabuni, ile ya kawaida inafaa. Si bei wala manukato yanayoondoa harufu. Povu na kusugua ndivyo vinavyoondoa. Mujihazari na sabuni na mafuta ya kung'arisha ngozi. Nyingine zina zebaki, na zebaki inapita katika ngozi, inaharibu mafigo, na inaweza kumfikia mtoto ndani ya tumbo.

Wengine wanapaka limau katika makwapa. Limau linapunguza harufu kwa wakati mfupi, lakini linachoma, sana sana juu ya ngozi iliyonyolewa. Na kama unanyoa, uwe na wembe wako mwenyewe. Wembe wa kuazimana unaweza kuleta virusi vya SIDA na ugonjwa wa ini.

Na marashi? Si vibaya kupenda marashi. Lakini marashi juu ya jasho la jana ni sawa na mkeka mpya juu ya sakafu isiyofagiwa. Oga kwanza.

3. NGUO NAZO ZINANUKA

Mara nyingine mama ameoga vizuri, na harufu bado inamfuata. Aangalie nguo. Vijidudu vinakaa katika kitambaa, hasa sehemu ya kwapa, na nguo ikipata joto la mwili, harufu inaamka. Geuza nguo ndani-inje wakati wa kufua, sugua pahali pa kwapa, na uanike katika jua. Jua linaua vijidudu vingi, na halina bei.

Msisahau kikwembe cha kubebea mtoto. Mkojo, maziwa na jasho la watu wawili viko ndani yake. Uwe na viwili kama inawezekana, kimoja kikifuliwa kingine kinabeba.

Tena vitambaa vya wakati wa damu ya mwezi. Wengi wanavificha chini ya kitanda vikauke katika giza, kwa sababu ya haya. Hapo vinabaki na majimaji na vijidudu vinazaana. Uvifue na sabuni, uvisuuze mpaka maji yawe safi, na uvianike katika jua. Kama unaona haya, tandika kikwembe chepesi juu yake. Katika siku zile ubadili kitambaa mara tatu ao ine kwa siku. Damu yenyewe si uchafu; inanuka kwa sababu imekaa muda mrefu katika kitambaa.

4. KINYWA

Harufu ya kinywa inatoka zaidi kwa chakula kilichobaki katikati ya meno, na kwa ulimi usiosafishwa. Safisha meno asubuhi na mangaribi, kwa mswaki wa duka ao kwa kijiti kilichotafunwa ncha mpaka kiwe laini. Safisha na ulimi, polepole. Ukifunga siku nzima bila kula wala kunywa, kinywa kitanuka; maji yatasaidia.

Lakini kama fizi zinatoa damu ao usaha, ao jino limeoza, njoo. Jino bovu si la kuvumilia. Na kama mtu ana kiu isiyoisha, anakojoa sana, anakonda, na pumzi yake ina harufu tamu kama matunda yaliyoiva kupita, aletwe hospitali siku ile ile. Inaweza kuwa ugonjwa wa sukari uliofika mbali.

5. NJIA YA UZAZI INAJISAFISHA YENYEWE

Sasa tumefika kwa neno ambalo linasumbua wamama wengi. Sikilizeni vizuri.

Njia ya uzazi ya mwanamke ina harufu yake, na ina majimaji yake. Hiyo si uchafu. Majimaji yale ni meupe ao hayana rangi, yanaongezeka katikati ya mwezi na wakati wa mimba. Ndani kuna vijidudu vizuri ambavyo ni walinzi. Vinatengeneza uchachu kidogo, na uchachu ule unazuia vijidudu vibaya kuingia. Kwa hiyo harufu ya kawaida ni ya uchachu kidogo, kama maziwa yaliyoanza kuganda. Kila mwanamke ana yake, na inabadilika kidogo kwa siku za mwezi.

Sasa mama anatia nini ndani? Wengine wanatia sabuni kwa kidole. Wengine chumvi, majani, dawa ya meno, ao unga wa jiwe ili pakauke na pakaze. Anayefanya hivi amefukuza walinzi wa mlango. Wezi wanaingia. Nyuma ya siku chache harufu inakuwa mbaya kuliko mbele, naye anawaza: “Sikusafisha vya kutosha,” na anaongeza dawa. Hivyo anazunguka, kila mwezi, bila kupona. Tena ukavu ule unaleta vidonda vidogo, na kwa vidonda vile virusi vya SIDA vinapata njia rahisi.

Oga inje tu, kwa maji na sabuni kidogo. Jipanguse kutoka mbele kwenda nyuma, hapana nyuma kwenda mbele. Ndani usitie kitu. Nasema tena: ndani usitie kitu.

Kama shangazi ao mama mkwe anakulazimisha, umuambie kwa heshima: “Mama, ku kliniki walitukataza, juu inaleta ugonjwa wa kizazi.” Na ukitaka, uje naye kliniki. Tutazungumza naye vizuri; yeye pia alifundishwa na waliomtangulia, na alitaka kukusaidia.

Ni lini harufu ya huko ni ugonjwa?

– Kama inanuka sawa na samaki, hasa nyuma ya kulala na bwana, na majimaji ni ya rangi ya majivu.

– Kama majimaji ni ya manjano ao ya kijani, yana povu, na unawashwa ao kukojoa kunachoma.

– Kama majimaji ni meupe kama maziwa yaliyoganda na unawashwa sana, hata ikiwa hakuna harufu.

– Kama kuna maumivu chini ya tumbo, homa, ao damu isiyo ya siku zake.

Kwa haya yote kuna dawa. Ile harufu ya samaki, kama mama ana mimba, inaweza kufanya mtoto azaliwe mbele ya wakati, usingoje. Na kwa ugonjwa ule wa povu, bwana pia inapashwa atibiwe, hata kama yeye hasikii kitu. Ukitibiwa peke yako, utaupata tena mwezi ujao. Mama wa makamo ao mzee anayetoka majimaji yenye harufu mbaya pamoja na damu, na zamani mwezi wake ulikwisha kukatika, aje upesi. Inaweza kuwa kansa ya shingo la kizazi, na ikigunduliwa mapema kuna njia ya kusaidia.

6. NYUMA YA KUZAA

Nyuma ya kuzaa damu inatoka. Siku za kwanza ni nyekundu, kisha inakuwa nyeusi-nyekundu ao ya rangi ya udongo, kisha ya manjano-nyeupe, na mara nyingi inakwisha kwa majuma 4 mpaka 6. Harufu yake ni sawa na damu ya mwezi. Hiyo ni ya kawaida.

Lakini kama inanuka sawa na nyama iliyooza, na mama anasikia baridi na kutetemeka, ana homa, tumbo la chini linauma, hiyo si ya kuoga nayo. Ni ugonjwa ndani ya kizazi. Labda kipande cha kondo la nyuma kimebaki, ao vijidudu viliingia wakati wa kuzaa. Ugonjwa huu unaua, na unaua kwa haraka. Usikae ndani ya maji ya majani, usimwagiwe maji ya moto juu ya tumbo, usingoje kesho. Njoo siku ile ile, hata usiku, hata kama bwana yuko safari.

Nataka niwaeleze habari ya zamani ambayo inafaa sana hapa. Katika mji wa Vienna, huko Austria, kulikuwa hospitali kubwa ya kuzalisha. Wamama wengi walikufa kwa homa nyuma ya kuzaa, hasa katika upande uliotumikiwa na madaktari na wanafunzi wao. Katika mwaka wa 1847 daktari mmoja, Ignaz Semmelweis, alitafuta sababu. Aliona kwamba madaktari walitoka kupasua maiti, kisha wakaingia kuzalisha. Walikuwa wamenawa na sabuni, lakini harufu ya maiti ilibaki mikononi. Akawaza: pahali harufu imebaki, na kitu kibaya kimebaki. Akawaamuru wote wanawe kwa maji yenye klori mpaka harufu ile iondoke. Katika mwezi wa 4 wa mwaka ule, karibu wamama 18 kwa 100 walikuwa wamekufa. Katika mwezi wa 6, nyuma ya amri yake, walikufa karibu 2 kwa 100.

Hapo hakukuwa na dawa mpya. Ilikuwa ni mikono. Kwa hiyo mama, una ruhusa ya kumuuliza yeyote anayekuzalisha, hata kama ni mkubwa wako: “Mama, umekwisha kunawa?” Mzalishaji mzuri hatakasirika.

7. MKOJO UNAOTOKA WENYEWE

Kuna mama mwingine ambaye hayuko hapa leo, na tunamhitaji. Yuko katika nyumba ya nyuma. Alipata uchungu siku mbili ao tatu, mtoto akafa tumboni, na tangu siku ile mkojo unatiririka mchana na usiku. Mwingine hata mavi yanapita mbele. Watu wanasema: “Amelogwa.” Bwana amemrudisha kwao. Yeye mwenyewe anaoga mara tano kwa siku, na harufu hairudi nyuma.

Huyu hakulogwa, wala si mchafu. Ugonjwa wake unaitwa fistula. Kichwa cha mtoto kilibana nyama ya mama na mfupa muda mrefu, nyama ile ikafa, pakabaki tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi. Wanawake wengine katika inchi yetu wamepata tundu hili kwa sababu ya jeuri ya watu wa vita. Katika hali zote mbili, kosa si la mwanamke.

Na fistula inatibiwa. Wanganga wanashona tundu lile kwa upasuaji. Huko Bukavu, Hospitali ya Panzi, iliyofunguliwa mwaka wa 1999, imejulikana dunia nzima kwa kazi hii, na daktari wake Denis Mukwege alipewa zawadi ya amani ya Nobel katika mwaka wa 2018. Kila mwaka tarehe 23 ya mwezi wa 5 inchi nyingi zinakumbuka siku ya kumaliza fistula. Kama unamjua mama mwenye shida hii, nenda kwake leo mangaribi. Umuambie: “Dada, iko dawa. Twende pamoja, nitakusindikiza.” Kwa mama aliyefungiwa miaka mitano, maneno hayo ni makubwa.

Wakati anangoja, asiache kunywa maji. Wengi wanajinyima maji ili mkojo upungue, lakini mkojo unakuwa mzito, unanuka zaidi na kuchoma ngozi. Anywe mengi: mkojo utakuwa mwepesi na harufu itapungua. Ajipake mafuta safi ya mgando kwa inje ili ngozi isiungue. Na kama mkojo umeanza kutiririka siku chache tu nyuma ya kuzaa, aje mara moja: mara nyingine mpira wa kutoa mkojo ukiwekwa mapema, tundu dogo linajifunga lenyewe.

Ninyi wenye mimba, muukumbuke mpaka huu: uchungu ukishinda saa 12 na mtoto hajazaliwa, mtafute hospitali. Msingoje jua lizame mara ya pili. Na mwanamke aliyetendewa jeuri aje mbele ya siku 3 kupita, kwani ndani ya siku hizo kuna dawa ya kuzuia virusi vya SIDA.

8. HARUFU YA MTOTO

Mtoto mchanga anazaliwa na utando mweupe juu ya ngozi. Wengine wanauona ni uchafu, wanataka kumuogesha palepale. Hapana. Utando ule unalinda ngozi. Mpanguse damu, mkaushe, muweke kifuani ngozi kwa ngozi, mfunike. Ngoja saa 24 mbele ya kumuogesha, asipate baridi.

Na mama asijipake marashi kwa matiti. Mtoto anamjua mama yake kwa harufu. Katika mwaka wa 1975 daktari mmoja wa Uingereza, Aidan Macfarlane, aliweka kitambaa cha kifua cha mama upande mmoja wa uso wa mtoto, na cha mama mwingine upande wa pili. Watoto wa siku sita tu waligeukia zaidi kitambaa cha mama yao. Harufu yako ambayo wewe unaionea haya, kwa mtoto wako ndiyo nyumbani. Osha matiti kwa maji tu wakati unapooga. Sabuni inakausha chuchu na kuipasua.

Angalia shingo ya mtoto, makwapa na mapaja. Maziwa yanaingia katika mikunjo na kuchacha. Pangusa kwa kitambaa chenye maji, kausha vizuri.

Kitovu kinapokauka kinaweza kuwa na harufu kidogo, na kinaanguka kwa juma moja ao mawili. Usitie majivu, wala mavi ya ng'ombe, wala mafuta ya kupikia, wala mate. Tetanosi inapita hapo. Tia tu dawa uliyopewa na muuguzi, kama umepewa. Kama kitovu kinanuka vibaya, kinatoa usaha, ngozi inakizunguka nyekundu, mtoto ana moto ao anakataa titi: hospitali, sasa.

Kwa mtoto mkubwa kidogo: sikio linalotoka usaha wenye harufu si jambo la “atapona akikomaa”, linaweza kumfanya kiziwi. Na kama kamasi yenye harufu mbaya inatoka kwa tundu moja tu la pua, mara nyingi ametia maharagi, mbegu ya mahindi ao kitu kingine. Usichokoe kwa kijiti, utakisukuma ndani. Mlete.

9. BINTI NA KIJANA

Mtoto mdogo anatoa jasho lakini kwapa lake halinuki, kwa kuwa lile jasho la mafuta bado halijaanza. Linaanza wakati mwili unapokomaa. Siku moja mama anasikia harufu mpya kwa binti yake, ao kwa kijana wake. Usimpigie kelele mbele ya wadogo zake. Hakufanya kosa, anakuwa mtu mzima. Muite pembeni, umpe kipande chake cha sabuni, umuonyeshe namna tuliyosema. Kwa binti, umueleze damu ya mwezi mbele haijaja, na umkataze mapema kutia kitu ndani. Mama akinyamaza, barabara itamfundisha.

Na kwa mwenzetu anayenuka, ni hivyo hivyo. Msimcheke, wala msikae mbali naye katika banki ya kliniki. Mtu mmoja anayemjua amuambie peke yake, kwa sauti ya upole, na amuulize kwanza: “Uko muzima? Iko kitu inakuuma?”

MAULIZO YA KUKUMBUKA

1. Jasho lenyewe linanuka? – Hapana. Vijidudu vinavyokula jasho ndivyo vinaleta harufu.

2. Maji yakiwa kidogo, tuoshe pahali gani? – Uso, makwapa, sehemu za siri kwa inje, na miguu.

3. Tutie nini ndani ya njia ya uzazi ili isinuke? – Hakuna kitu. Inajisafisha.

4. Nyuma ya kuzaa, damu inanuka sawa na nyama iliyooza na mama ana homa. Aoge na majani gani? – Hakuna majani. Aende hospitali siku ile ile.

5. Mama anayetiririka mkojo amelogwa? – Hapana. Ni fistula, na inashonwa.

6. Kitovu cha mtoto tukipake majivu? – Hapana. Kikae kikavu na safi. Kikinuka vibaya ao kutoa usaha, tumlete.

Mwenye ulizo lingine asiogope. Chumba cha mzalishaji kina mlango, na mlango unafungwa. Mnaoondoka sasa kupima watoto, nendeni vizuri, na muwaeleze haya wale ambao hawakufika.